Skopu ya kati au ya juu? Tuzilinganishe kabla hujatoa hela

Wakuu, hili swali linarudi kila mara. Mtu anataka osiloskopu (skopu kwa kifupi, mashine inayochora kwenye skrini volti zinavyobadilika), kashasoma datashiti mpaka macho yanauma, sasa kasimama njia panda: achukue ya kati yenye bendiwidhi (masafa ya juu inayoweza kuyaona) ya 350 au 500 MHz, au ajikaze achukue ile mashine kubwa ya gigahezi kadhaa asije akajuta mbele ya safari. Jibu langu la haraka ni kwamba wengi wanaoulizia ya juu shida yao iko kwenye probu (ile ncha yenye waya ya kugusia sakiti) na wala haipo kwenye skopu, ila zipo kazi ambazo bila ya juu hutoki kabisa, na hizi hali mbili unaweza kuzitofautisha mapema tu ukijua pa kuangalia.

Kwanza tuelewane majina. Mpaka wa kati na juu haujachorwa popote na kila kampuni inauvuta upande wake, mi nagawa hivi: ya kati ni kama 200 MHz mpaka 1 GHz au kidogo zaidi, humo utakuta Keysight InfiniiVision 3000T, Rohde & Schwarz MXO 4, Siglent SDS2000X Plus, Rigol DHO4000 na wenzao. Ya juu inaanzia kama 2 GHz na kwenda mbele, Tektronix 6 Series B inafika 10 GHz, Rohde & Schwarz RTP inafika 16 GHz, na kule kileleni kuna Keysight UXR inayofika 110 GHz na kuchukua sampuli bilioni 256 kwa sekunde. Halafu kuna zilizokaa mguu huku mguu kule, mfano Tektronix 5 Series ambayo inauzwa kuanzia 350 MHz mpaka 2 GHz, boksi lile lile.

Achana na kasi ya saa, angalia ukingo

Hesabu ya wengi iko hivi: saa (mapigo yanayoiendesha chipu) ya maikrokontrola yangu inatembea 16 MHz, nazidisha mara tano napata 80, basi skopu ya 100 MHz inatosha. Hiyo kanuni ya mara tano ina msingi wake, kwa sababu wimbi la mraba limejengwa na masafa ya msingi pamoja na mara tatu yake, mara tano yake na kuendelea, ukipata mpaka ya tano umbo linaonekana mraba kweli. Tatizo inaangalia saa, wakati kinachokula bendiwidhi ni ukingo, pale signali inaporuka kupanda au kushuka. Pini ya chipu ya kisasa inaweza kupanda kutoka 0 mpaka 3.3 V ndani ya nanosekunde 1 au 2 hata kama programu yako inawasha na kuzima taa mara moja kwa sekunde. Saa ya 1 Hz, ukingo wa mamia ya megahezi, na ule ukingo ndo unaoleta mrindimo (signali kuyumba juu chini kabla ya kutulia) kwenye laini na kufanya chipu ya jirani ihesabu pigo mara mbili.

Kanuni ya kushika kichwani ni 0.35 gawa kwa bendiwidhi, unapata muda wa kupanda wa skopu yenyewe. Skopu ya 100 MHz ni nanosekunde 3.5, ya 350 MHz ni nanosekunde 1, ya 1 GHz ni nanosekunde 0.35. Mashine za juu zenye bendi inayokatika ghafla mwishoni, ile 0.35 inakuwa kama 0.4 mpaka 0.45. Sasa muda wa skopu unajichanganya na wa signali, mraba wa huu jumlisha mraba wa ule, chukua kipeuo cha pili. Kwa hiyo ukingo wa kweli wa nanosekunde 1 ukiupima na skopu ya 350 MHz, skrini inakwambia 1.41, yaani umedanganywa kwa asilimia 41, ukiupima na ya 1 GHz inakwambia 1.06, na ukitaka kosa lishuke mpaka asilimia 3 unahitaji kama 1.4 GHz. Hapo ndo utaona tofauti ya "nataka kuona kuna nini" na "nataka kupima kwa namba nitakazoandika kwenye ripoti", na hizo ni skopu mbili tofauti kwa signali moja.

Na kumbuka ile namba iliyoandikwa usoni mwa mashine ni pale ambapo kimo cha wimbi kimeshashuka mpaka asilimia 70. Mpe skopu ya 100 MHz wimbi la sine la 100 MHz lenye volti 1, itakuonyesha volti 0.7 bila aibu yoyote.

Kasi ya sampuli: soma ile sentensi ndogo chini ya jedwali

Kinadharia sampuli mara mbili ya masafa ya juu zinatosha, kiuhalisia unataka mara nne au tano ya bendiwidhi. Za juu hapa huwa hazina longolongo sana, ila za bei nafuu mpaka za kati ndo kuna mchezo: namba kubwa ya kwenye tangazo mara nyingi ni ya chaneli moja tu ikiwa imewashwa. Mfano unaojulikana ni Rigol DS1054Z, ambayo ni ya wanaoanza lakini inaeleza vizuri, chaneli moja inakupa sampuli bilioni 1 kwa sekunde, washa zote nne kila moja inabaki na milioni 250. Kwa milioni 250, kitu chochote kinachozidi 125 MHz kinajikunja na kurudi chini kama signali ya uongo, ya 200 MHz inakuja kujionyesha kama ya 50 MHz na unakaa unaitafuta kwenye bodi wakati haipo. Kwa hiyo unapolinganisha mashine mbili, linganisha zikiwa na chaneli zote zinazohitajika na kazi yako, vinginevyo unalinganisha matangazo.

Memori inaenda na hilo hilo. Muda unaoweza kurekodi ni memori gawa kwa kasi ya sampuli, basi. Pointi milioni 10 kwa sampuli bilioni 1 kwa sekunde ni milisekunde 10, ukitaka kurekodi sekunde nzima skopu inapunguza kasi yenyewe kimyakimya mpaka milioni 10 kwa sekunde na bendiwidhi uliyoilipia imeyeyuka. Mtu anayefukuza tatizo linalotokea bodi inapowaka, ambapo kuna mstari wa umeme unapanda polepole, halafu saa inaanza, halafu chipu zinaanza kuzungumza kwa SPI, huyu anahitaji memori nzito kuliko gigahezi. Na hapa za kati za miaka hii zimejitahidi sana, utakuta Siglent SDS2000X Plus ina pointi milioni 200, ambazo kuna mashine za zamani za gharama kubwa hazikuwahi kuziota.

Biti na kelele, hapa ya kati inaweza kumpiga kaka yake

Hii sehemu wengi wanaipita na ndo inayobadilisha uamuzi. Skopu ya biti 8 inagawa skrini nzima ngazi 256, ya biti 12 inagawa ngazi 4096. Chukua mstari wa umeme wa 3.3 V, weka skopu volti 0.5 kwa kila kisanduku, visanduku nane ni volti 4 kwa jumla. Kwa biti 8 ngazi moja ni kama milivolti 15.6. Sasa ripoli yako (mawimbi madogo yaliyobaki juu ya umeme huo) ni milivolti 10, ina maana inajificha ndani ya ngazi moja, unaona mstari unaorukaruka juu chini na huwezi kusema hiyo ni ripoli au ni mashine inajiongelesha. Kwa biti 12 ngazi ni milivolti 1 hivi na ripoli inaonekana imekaa juu ya 3.3 yake. Atasema mtu weka ingizo kwenye AC, kata ile DC (volti tulivu ya 3.3), vuta karibu. Sawa, inafanya kazi, ila ukikata DC unapoteza kuona umeme unavyozama polepole pale prosesa inapoamka, na mara nyingi kuzama ndo kulikokuwa kunakuzimia bodi.

Biti za kwenye tangazo sio biti zote unazopata lakini, kelele ya mashine inakula kadhaa, ndo maana ulizia biti halisi kwa masafa unayotumia. Na kelele inapanda na bendiwidhi: kwa kelele iliyosambaa sawasawa, ukiongeza bendi mara nne kelele inakuwa mara mbili, ukitoka 500 MHz kwenda 8 GHz, ambayo ni mara 16, kelele inakuwa mara nne. Kwa hiyo mtu wa pawa saplai akinunua skopu ya 8 GHz akaiacha wazi kabisa anajinunulia kelele. Ndo maana hata hizo kubwa zina kichujio cha 20 MHz, na ripoli ya pawa saplai kwa kawaida inapimwa na kichujio hicho kikiwa kimewashwa. Fikiria hiyo, umelipia gigahezi nane halafu kitu cha kwanza unachofanya ni kuzifunga.

Kuwa mkweli, za juu nyingi nazo sasa hivi ni biti 10 au 12, UXR ni 10 na Tektronix 6 ni 12, kwa hiyo usije ukadhani nasema ubora wa biti ni wa kati peke yake. Nachosema ni kwamba kwenye kazi za masafa ya chini huongezi kitu kikubwa kwa kupanda ngazi, na pengo la zamani ambapo ya kati lazima iwe biti 8 limeshafungwa, MXO 4 na DHO4000 zote ni biti 12.

Probu, wakuu, probu

Ukisoma kipande kimoja tu soma hiki.

Probu ya kawaida ya mara kumi inaandikwa megaohmu 10, mtu anaona namba kubwa anadhani haigusi sakiti. Hizo megaohmu ni za DC. Nchani mwake kuna kapasitansi ya kama pikofaradi 10, na kwa 100 MHz pikofaradi 10 ni ohmu 159 tu. Umechukua rezista ya ohmu 159 umeiegemeza kwenye laini yako ya saa, halafu unashangaa mbona sakiti inatembea vizuri ukigusa na kukataa ukitoa, au kinyume chake.

Halafu ule waya mweusi wa graundi wenye klipu. Waya una indaktansi ya kama nanohenri 1 kwa milimita, sentimita 10 ni nanohenri 100, ukiichanganya na zile pikofaradi 10 unapata mrindimo kwenye 159 MHz. Jaribu uone: weka probu kwenye pini yenye ukingo mkali, klipu ya graundi ikamate mbali kule kwenye kona ya bodi. Signali inapanda, inapitiliza juu ya 3.3, inashuka, inapanda tena, vilele vimeachana kama nanosekunde 6. Sasa chomoa ile kofia ya probu, toa waya, chukua ile springi ndogo iliyokuja kwenye mfuko wa probu (ndio, ile ambayo watu wanaiacha kwenye mfuko milele), ivishe shingoni mwa probu na uguse graundi ya kapasita iliyo pembeni ya pini. Mrindimo mwingi unaondoka. Bodi ilikuwa nzima, waya ndo ulikuwa unapiga kelele. Na sasa fikiria mtu aliyekuwa na skopu ya 100 MHz hakuona mrindimo huo vizuri, akapanda mpaka ya 1 GHz na probu ile ile na waya ule ule, sasa anauona mzuri zaidi na anaamini bodi yake ni mbovu.

Kwa hiyo unapopiga hesabu ya kuhama kutoka kati kwenda juu, probu ziweke kwenye hesabu toka mwanzo. Probu nzuri ya kawaida kama Tektronix TPP1000 inafika 1 GHz na pikofaradi 3.9, na hapo unakaribia ukuta wa probu zisizo na umeme wake. Zaidi ya hapo unaingia kwenye probu zenye amplifaya nchani, kapasitansi chini ya pikofaradi 1, na bei yake peke yake inaweza kukununulia skopu nzima ya kati. Unahitaji nne? Haya. Na nyingi zinavumilia volti chache tu, ukigusa nazo mahali pa volti 48 umeaga.

Kuna na hili la ingizo. Skopu ya kati ina ingizo la megaohmu 1 na mara nyingi unaweza kulibadilisha liwe ohmu 50. Za juu, hasa zile za gigahezi nyingi, unakuta ingizo ni ohmu 50 peke yake. Ohmu 50 kwa kawaida zinavumilia kama volti 5 za RMS, nusu wati hivyo. Chomeka waya wa volti 12 moja kwa moja hapo ni karibu wati 2.9 kwenye kitu cha nusu wati. Mashine ya kushikwa na wanafunzi au mafundi watano tofauti kwenye benchi moja, mi hilo peke yake linanirudisha kwenye ya kati.

Upofu wa skopu

Kila baada ya kuchora wimbi moja skopu inafumba macho kidogo ikichakata. Tuseme dirisha lako ni maikrosekunde 1 na mashine inachora mawimbi 50,000 kwa sekunde, ina maana inaona milisekunde 50 katika kila sekunde, asilimia 5, zilizobaki 95 haoni mtu. Ikikaribia milioni 1 kwa sekunde, kiwango ambacho 3000T inadai kama cha juu kabisa, unakaribia kuona kila kitu kwenye dirisha hilo. Kwa anayefukuza hitilafu inayotokea mara moja moja hii ni kubwa kuliko bendiwidhi, na cha kuchekesha ni kwamba baadhi ya mashine kubwa za uchambuzi, zilizotengenezwa kurekodi kwa kina na kuchakata baadae, hapa zinaachwa nyuma na za kati. Ukiwa na triga nzuri (sharti linaloiambia skopu ianze kuchora lini) unajiokoa kiasi, maana triga inaangalia muda wote inaposubiri tukio, ila triga inataka ujue unatafuta nini.

Kazi ambazo ya kati haiendi hata ukiisukuma

Sasa upande wa pili. USB 2.0 ya 480 Mb/s, masafa ya msingi ni 240 MHz, ya tano ni 1.2 GHz, kwa hiyo ya kati ya 1 GHz utaona kinachoendelea lakini kupima kufuata viwango unatafuta kuanzia 2 GHz. USB 3.0 ya 5 Gb/s msingi ni 2.5 GHz na ya tano ni 12.5 GHz. PCIe (laini ya kadi za kompyuta) kizazi cha tatu, 8 GT/s, yaani bilioni 8 za biti kwa sekunde, msingi 4 GHz. Memori ya DDR4-3200 msingi wa data ni 1.6 GHz. Hapo hakuna ujanja, hakuna springi ya graundi itakayokuokoa, ni ya juu au huoni.

Na sio bendi tu. Kwenye hizo laini unachotaka ni mchoro wa jicho, yaani maelfu ya biti yamelaliana juu ya skrini moja uone katikati pamebaki wazi kiasi gani, unataka jita, ule ukingo kuchezacheza mbele na nyuma, igawanywe ipi ya bahati nasibu na ipi ina chanzo, unataka kuondoa kihesabu athari ya kebo na soketi iliyo kati yako na chipu. Programu za hivyo ziko kwenye mashine za juu, na kelele ya ndani ya saa ya hizo mashine ni ndogo, maana huwezi kupima jita ya pikosekunde 1 na skopu ambayo yenyewe inatetemeka kuliko hiyo.

Kuna watu wa GaN na SiC (transista za kuwasha na kuzima umeme mkubwa kwa kasi) ambao wako katikati kweli. Kingo za nanosekunde chache, volti mamia, na transista ya juu kwenye jozi yao (daraja) inaruka pamoja na graundi yake. Hawa 500 MHz mpaka 1 GHz inawatosha, hela yao iende kwenye probu ya kutenganisha, ikiwezekana ile inayopitisha kwa mwanga kama IsoVu ya Tektronix. Na tafadhali, usikate waya wa ethi wa skopu ili "ielee", boksi zima linakuwa na volti za sakiti na wewe umelishika.

Basi nani achukue ipi

Maikrokontrola na laini za chipu kuzungumza (I2C, UART, SPI, CAN): ya kati, 200 MHz inatosha, tafuta memori na uwezo wa kusoma itifaki, yaani kutafsiri mazungumzo hayo. Pawa saplai, inveta, mota: ya kati, biti 12, chaneli nne au zaidi, probu ya mkondo na ya kutenganisha. Audio: ya kati ni nyingi hata, skopu ndogo inatosha. Bodi yenye Ethernet ya gigabiti na USB 2.0: ya kati ya 1 GHz na probu zake, laini ikifika kwenye kuthibitishwa ikodi mashine. USB 3, PCIe, HDMI, DDR kama ndo kazi yako ya kila siku: ya juu, usijidanganye. Redio: kabla ya skopu ya juu uliza kama sio kichambuzi cha spektra (kinachoonyesha nguvu kwa kila masafa) ndo unachohitaji, mara nyingi ndicho. Chuo: za kati nyingi, kuliko moja kubwa inayofungiwa kabatini.

Neno "ikodi" halijaja kwa bahati mbaya hapo juu. Mashine za juu zinakodishwa, na kama unapima laini ya haraka mara mbili tatu kwa mwaka wakati bodi mpya inatoka, kukodi kunashinda kununua hata bila karatasi. Kununua ya juu kuna mkia: kalibresheni yake ni ghali, probu zake zikivunjika ncha unalia, nyingi zinatumia Windows kwa hiyo unaiwasha unaenda kuchukua chai, feni yake inavuma siku nzima kwenye benchi, na boksi lenyewe linataka meza nzima.

Ya kati nayo ina ujanja wake wa kibiashara. Bendiwidhi nyingi sasa hivi ni leseni, vifaa vya ndani ni vile vile halafu unafunguliwa kwa namba ya siri, kwa hiyo ukinunua ya 350 MHz uliza kama itafika 1 GHz bila kurudi kiwandani na uliza bei ya hiyo leseni leo, sio siku utakayoihitaji. Kusoma CAN, jenereta ya mawimbi, chaneli za dijitali, navyo vinaweza kuwa leseni, na probu za chaneli za dijitali mara nyingi haziji kwenye boksi.

Ukipata nafasi ya kuijaribu kabla ya kulipa, usiende na mikono mitupu ukaangalia ile signali ya majaribio ya mraba iliyoko mbele ya mashine, hiyo kila skopu inaionyesha vizuri. Nenda na bodi yako. Washa chaneli zote, tafuta pini yenye ukingo mkali kuliko zote, soma kasi ya sampuli inayoandikwa kwenye skrini, halafu ongeza muda wa kurekodi mpaka ule unaoutumia kazini na uisome tena ile namba.